Barabara ya Kuja au ya Kwenda?





Wakati wa kampeni za mwaka 2025, nikirejea kutoka kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu hapa Njinjo, niliukuta mkutano wa mgombea udiwani chini ya mwembe. Padri hana kiti katika mikutano ya vyama, wala sikukitafuta. Lakini njia ilikuwa imejaa watu, nami nikasimama kando kungoja wapungue. Mgombea alikuwa akizungumza habari za barabara. Alisema kwamba lami itakuja, kuanzia Nangurukuru hadi Liwale, na kwamba siku itakapofika umaskini utafunga virago. Watu wakapiga makofi. Ndipo bibi mmoja akanyanyua mkono, akauliza: "Mwanangu, hiyo barabara ni ya kuja au ya kwenda?"

Watu wakacheka. Mgombea naye akacheka, akamwombea bibi makofi, kisha akaendelea na ahadi ya zahanati.

Swali lile nimetembea nalo tangu siku hiyo. Leo uchaguzi umepita, madiwani na wabunge wamekwisha kuapa, na mabango yamechakaa ukutani. Nadhani sasa ndio wakati mwafaka wa kulitafakari, kwa sababu sasa hakuna anayetuomba kura, na kwa hiyo tunaweza kufikiri kwa utulivu.

Kwanza niseme wazi kwamba barabara tunaihitaji. Anayeishi Njinjo hahitaji kufundishwa jambo hilo. Masika yakikolea, mama mjamzito anayehitaji kufikishwa hospitali huwa mikononi mwa Mungu na mikononi mwa dereva wa pikipiki. Mwezi Januari 2020 mto Matandu ulipofurika, majirani zetu wa kata hii na kata za jirani walipoteza nyumba, mashamba na wapendwa wao, na misaada ilihangaika kuwafikia. Mwezi Mei 2024 mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya zilikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga. Kwa hiyo, mgombea anayesema barabara ni muhimu hakosei. Anapokosea ni pale anapoishia hapo, kana kwamba lami ikishatandazwa mengine yote yatajipanga yenyewe.

Wapendwa, sisi watu wa Kilwa tunayo historia ndefu ya njia. Katika karne ya 19 njia za misafara zilitoka bara, kutoka pande za Ziwa Nyasa, zikakomea Kilwa Kivinje. Zilikuwa njia zenye shughuli nyingi na faida kubwa. Juu yake walipita watumwa na pembe za ndovu. Bandari ilitajirika, na vijiji vilivyopitiwa vikabaki vikihesabu watoto waliopotea. Ile ilikuwa njia ya kwenda.

Tusiende mbali hivyo. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa. Sote tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana kabla yake safari ya Dar es Salaam ilikuwa adhabu. Lakini malori yaliyokuja upesi kuliko yote yalikuwa ya magogo. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, lilichapisha utafiti kuhusu mbao za kusini mwa Tanzania. Lilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa na serikali kuu pamoja na halmashauri kutokana na mbao hizo yalipotea. Msitu uliondoka, na fedha iliyopaswa kubaki mahali pake haikubaki. Daraja halikuwa na kosa. Kosa ni kwamba daraja lilifika kabla ya sisi kujua namna ya kuhesabu kinachopita juu yake.

Hali kadhalika gesi. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam ikizalisha umeme wa taifa. Ni jambo jema kwamba nchi inapata nuru, na Mkristo hapaswi kuionea wivu nuru ya mwenzake. Lakini bomba nalo ni barabara ya aina yake, na kila mwananchi wa Kilwa anayo haki ya kuuliza ni kiasi gani cha ushuru wa huduma kinaingia katika halmashauri yake, na kinapoingia kinafanya kazi gani.

Sasa mnaona kwamba swali la bibi halikuwa mzaha. Barabara huleta dawa, mabati, walimu na wanunuzi. Barabara hiyohiyo huchukua magogo, mkaa, ufuta na vijana. Ikiwa kijiji hakijajipanga, inachochukua huwa kingi kuliko inacholeta. Haya ndiyo maoni yangu, na ndiyo ninayotaka tuyapime: wagombea wetu tumezoea kuwauliza wataleta nini, wakati swali la kwanza lingekuwa watalinda nini kati ya vile ambavyo Mungu amekwisha kutupa.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza hivyo. Diwani anayeahidi lami ya Nangurukuru hadi Liwale anaahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na zile za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Mbunge anaweza kuisemea barabara bungeni, na diwani anaweza kuisemea katika vikao vyake, lakini fedha na uamuzi viko mbali nao. Ndiyo maana ahadi ya lami ni nyepesi kutamkwa: isipotimia, yupo mwingine wa kulaumiwa. Lakini yako mambo ambayo diwani anayashika kwa mkono wake mwenyewe. Baraza la madiwani hupitisha bajeti ya halmashauri na sheria zake ndogo. Huko ndiko hujadiliwa ushuru wa mazao, matumizi ya mapato ya ndani, na ile asilimia 10 ambayo sheria inataka ikopeshwe bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katika mikutano mingi ya kampeni niliyosimuliwa na waumini, mambo haya yalitajwa kwa uchache mno.

Naomba basi nipendekeze maswali matatu ya kumwuliza kila anayetaka, au aliyekwisha kupata, dhamana ya kutuongoza.

La kwanza: nani atahesabu kinachotoka? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kuuvuna kwa mpango na kupokea mapato yake. Jambo hili si ndoto. Mwaka 2009, hapahapa wilayani Kilwa, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, kwa msaada wa mradi wa uhifadhi wa mpingo. Mpingo huo, ambao sisi tuliuzoea kwa vinyago na kuni, ndio hutengenezewa klarineti zinazopigwa katika kumbi za Ulaya. Wanakijiji wa kawaida walijifunza kupima miti, kuandika vitabu na kukataa bei ya dhuluma. Mgombea anayesema atatuletea maendeleo, atusaidie kwanza kujua kijiji chake kina msitu kiasi gani, umepimwa lini, na gogo la mwisho lililotoka liliandikwa wapi.

Ufuta nao ni vivyo hivyo. Zao hili ndilo linalowasomesha watoto wengi wa mkoa wa Lindi. Tunauza kwa mnada kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani, na mkulima huona bei ikitangazwa. Lakini kati ya bei ya mnada na fedha inayomfikia kuna makato, na wengi wetu hatuyajui kwa majina. Tangu mwaka 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3. Hayo mengine ni ya nani, na kwa huduma gani? Mkulima asiyepata jibu, na anayecheleweshewa malipo, ndiye anayeishia kwa wanunuzi wa chomachoma, wanaompa fedha leo kwa bei ya kuonea huruma. Sitamhukumu mama anayeuza debe lake la ufuta kwa mtindo huo kwa sababu mtoto ana homa. Nitamwuliza diwani wake alisema nini katika baraza kuhusu malipo yaliyochelewa.

Swali la pili: ardhi itaamuliwa wapi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani sisi sote wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kilwa tulijifunza uzito wa jambo hili kwa njia ngumu. Kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata hekta zipatazo 34,000 katika vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti kwa ajili ya kilimo cha mibono ya kutengenezea mafuta ya mitambo. Mwaka 2009 fedha zilikauka na shughuli zikasimama. Watafiti walioandika juu ya mradi huo mwaka huohuo walieleza kwamba asilimia 60 ya malipo ya ardhi ilibaki halmashauri, na vijiji vikapata asilimia 40. Na ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, haiwarudii wanakijiji kwa sababu tu mwekezaji ameondoka. Mgombea akija na habari za mwekezaji, msimzomee, maana mitaji tunaihitaji. Mwulizeni karatasi zitasomwa katika mkutano gani, kwa lugha gani, na kwa muda wa siku ngapi kabla ya mtu kutia sahihi.

Katika swali hilihili kuna jambo linalohitaji moyo wa Kikristo. Tangu ndugu zetu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wao wakaelekezwa huku kusini, migogoro kati yao na wakulima imemwaga machozi mengi, na mahali pengine damu. Mgombea anayetaka makofi ya haraka husema, "Nitawafukuza." Mwingine, akiwa mbele ya wafugaji, husema kinyume chake. Yule anayestahili kusikilizwa ni yule anayezungumza habari za mpango wa matumizi bora ya ardhi, njia za mifugo, malambo, na fidia ya shamba lililoliwa. Maneno hayo hayapigiwi vigelegele. Lakini aliyelima shamba ni mtoto wa Mungu, na aliyeambiwa aje huku na ng'ombe wake, kisha akaonekana mvamizi, ni mtoto wa Mungu pia.

Swali la tatu: utarudi lini kutoa hesabu? Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 12, tunamwona nabii Samweli akiwa mzee, akisimama mbele ya watu wote na kuwataka waseme hadharani kama aliwahi kumnyang'anya mtu ng'ombe au punda, kumdhulumu mtu, au kupokea rushwa. Hakungoja kushtakiwa. Aliitisha hesabu yeye mwenyewe, na wale aliowaongoza ndio waliomthibitisha. Hicho ndicho kipimo. Kiongozi mzuri haogopi daftari.

Najua sasa kuna msomaji anayeguna. Anasema, "Padri, unatufundisha maswali ya kuwauliza wagombea, wakati wengine wetu hatuoni tena kama kura ina maana." Siwezi kumjibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama kimoja kilitangazwa kushinda karibu viti vyote vya vijiji nchini. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwemo katika karatasi za kura, damu ya Watanzania ilimwagika katika miji yetu, na intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Familia zilizika, na nyingine zilitafuta miili. Tuwaombee marehemu wote, na tuiombee nchi ukweli na haki, kwa sababu amani isiyojengwa juu ya hayo haikai.

Lakini kukata tamaa nako ni barabara ya kwenda. Mtu aliyekata tamaa haji mkutanoni, na mkutano usiokuwa na watu ndio ambao ndani yake ardhi hugawiwa na magogo huuzwa. Mafundisho ya Kanisa yana kanuni tunayoiita kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI mwaka 1931: kile ambacho watu wa chini wanaweza kukifanya wenyewe, wakubwa wasiwanyang'anye, bali wawasaidie. Kanuni hiyo ina upande wa pili tunaopenda kuusahau, kwamba watu wa chini nao wasikikimbie kilicho chao. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Hakuna aliyetuzuia kuhudhuria. Tujiulize kwa unyofu: mara ya mwisho tulikwenda lini? Na tulipokwenda, tulisubiri hadi hesabu zisomwe, au tuliondoka baada ya salamu?

Tena, tukiri dhambi yetu. Wapo miongoni mwetu waliopokea khanga, chumvi, sabuni na noti ya elfu tano, wakasema, "Ni chake, amekirudisha." Ndugu yangu, mtu aliyeinunua kura yako hana deni kwako. Amekwisha kulipa. Ukimwuliza hesabu mwaka wa tatu, atakukumbusha khanga. Hapo ndipo rushwa inapotuumiza kuliko tunavyodhani: inatunyima ulimi wa kudai.

Napendekeza jambo dogo. Kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo iwe na daftari moja. Mwandike ahadi za diwani na za mbunge kama zilivyotamkwa, pamoja na tarehe na mahali. Upande wa pili mwandike kile kilicho katika uwezo wake kweli, na kile kisichokuwemo. Kila miezi mitatu, kabla ya mkutano wa kijiji, mlisome daftari hilo pamoja. Na msilifanye kuwa jambo la Wakatoliki peke yetu. Hapa Kilwa sisi ni wachache, na majirani zetu Waislamu wanalima mashamba yaleyale na kuvuka Matandu ileile. Nendeni nalo kwa heshima, mkae na wazee wa msikiti, mpatane juu ya maswali mawili au matatu, na mwulize kwa sauti moja. Msitukane mtu. Msiwe na chama katika daftari. Padri wenu Kanisa limemkataza kujiingiza katika uongozi wa vyama na kushika madaraka ya serikali, lakini ninyi walei hamkukatazwa. Kwenu ninyi ni wito.

Na kama yupo kati yenu mwenye moyo wa kutumikia, asijifiche. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, miti ilitafuta mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu ikakataa, kila mmoja ukitoa udhuru wake mzuri, na mwishowe utawala ukaangukia mti wa miiba. Nimewasikia wengi wenu wenye akili na uaminifu mkisema siasa ni mchezo mchafu. Pengine ni kweli. Lakini mnapokaa pembeni, msishangae miiba ikiwachoma.

Juma lililopita nilimwona tena yule bibi, amebeba kuni, nikamsalimu: "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba, baba." Nikamwuliza kama alipata jibu la swali lake. Akasema, "Sijapata. Lakini mkutano wa kijiji ukiitwa, nitauliza tena."

Nawatakieni Dominika njema, na Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu